Marehemu wa Chumba cha Kushonea

Bi Pindo alipata habari za kifo chake siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa amebana pini mbili mdomoni.

Alikuwa ameketi mbele ya cherehani yake katika chumba cha kushonea cha hospitali. Ni chumba cha chini kabisa, kinachopakana na chumba cha kufulia, na ukuta wake mmoja huwa na joto mwaka mzima kwa sababu ya mvuke wa upande wa pili. Pembeni yake palikuwa na rundo la magauni ya kijani ya madaktari wa upasuaji, yote yamefumuka makwapani. Miaka thelathini alikuwa akishona humo: shuka, foronya, mapazia ya kutenga vitanda, na yale magauni ya wagonjwa yanayofungwa kamba mgongoni na kumwacha mtu nusu uchi. Jina la Bi Pindo alipewa na wenzake, kwa sababu haikuwahi kutoka nguo mikononi mwake ikiwa na pindo lililokwenda upande. Na aliyemletea pindo la ovyo, alilifumua mbele ya macho yake, pole pole, bila kusema neno, mpaka mwenyewe aone haya.

Habari aliileta wifi yake, mdogo wa mumewe, ambaye alifanya kazi kule kwenye kufulia na kila saa nne huja na chupa ya chai. Siku hiyo alikuja bila chupa. Alikuja na simu ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa.

"Wifi," alisema, "wewe si uliwahi kuimba?"

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Gazeti moja linalosomwa sana lilikuwa na ukurasa wa muziki kila mwisho wa wiki. Wiki hiyo ukurasa ulikuwa umetoa orodha ya albamu ishirini ambazo msomaji asikose kuzisikiliza, zote za waimbaji wanaotunga nyimbo zao wenyewe, wale wa kukaa na gitaa moja na maneno ya maana. Nesi wa wodi ya watoto aliisoma orodha ile kwenye simu wakati wa mapumziko. Alipofika kwenye albamu ya tatu akaona picha ya msichana mwembamba, nywele amezibana nyuma, gitaa limemkalia mapajani kubwa kuliko yeye, akasema kwa sauti kwamba huyu binti ana macho ya yule mama wa cherehani. Wifi alikuwa amesimama karibu, anakusanya shuka chafu.

Bi Pindo alimwambia asome. Wifi akasoma. Jina lilikuwa lake, la kwake na la baba na la babu. Albamu ilikuwa yake, *Uzi Mweupe*, iliyotoka kwenye kanda wakati watu bado wanasikiliza kanda. Gazeti liliisifu mno. Lilisema maneno ya msichana yule yana uzito ambao waimbaji wa leo wameupoteza, na kwamba ni heri albamu hiyo inatolewa upya, ili kizazi kipya kimjue "marehemu" ambaye aliondoka kabla hajavuna alichopanda.

"Marehemu nani?" aliuliza Bi Pindo.

"Wewe. Ngoja, yapo mengine."

Mengine yalikuwa haya. Wimbo bora kuliko yote katika albamu hiyo ulikuwa "Kitanda Namba Tisa". Gazeti lilieleza kwamba ni wimbo wa mapenzi ya siri. Ulizaliwa, lilisema, katika chumba cha nyumba ya wageni ambako msichana huyo alikuwa akikutana na mpiga gitaa wake na mtunzi mwenzake, aliyejulikana enzi hizo kwa jina la Kidole. Kidole mwenyewe alikuwa amemweleza mwandishi kwamba mpaka leo hawezi kuupiga wimbo huo bila kutoka machozi.

Bi Pindo alitoa pini mdomoni, moja, kisha ya pili, akazichoma kwenye kitakia chake. Akamwomba wifi arudie kusoma sehemu ya mwisho. Wifi akarudia. Kufa hakukumsumbua sana. Watu hukosea, na yeye alikuwa hai, joto la ukuta alilihisi mgongoni. Hilo la mtunzi mwenzake lilimkera. Lakini ile nyumba ya wageni ilimuumiza kuliko yote, akasukuma rundo la magauni kando.

Wifi alisubiri, kisha akauliza kwa sauti ya chini. "Usinichukie. Mimi ni dada wa mtu, lazima niulize. Hiyo nyumba ya wageni…"

"Kitanda namba tisa kipo juu ya kichwa chako," Bi Pindo alimjibu. "Ghorofa ya pili, wodi ya wanawake, dirishani. Ndicho alichofia mama yangu."

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akamsimulia.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mama yake alilazwa wiki sita, na yeye, binti wa pekee, alikaa naye kutwa. Hakuwa na la kufanya zaidi ya kuhesabu matone ya ile chupa iliyotundikwa, na kumwinua mama kwa mto ili atazame nje. Alikuwa tayari anapiga gitaa na kutunga vijiwimbo. Pale kando ya kitanda alitunga wimbo mmoja, mstari mmoja kwa siku, akiuandika nyuma ya karatasi za dawa. Mchana, mama akilala, alikuwa anaomba sindano na kushona shuka zilizotoboka, maana aliona aibu mama yake kulalia tundu. Muuguzi mkuu akaona zile kazi. Mazishi yalipokwisha alimwita, akampa cherehani. Kwa hiyo wodi ile ilimpa msiba, wimbo na ajira, vyote katika msimu mmoja.

Mwaka uliofuata alirekodi kanda. Kidole alimpigia gitaa la pili. Kanda haikununuliwa. Mwenye kampuni alimwambia kwamba mwanamke aliyekaa kwenye kiti na kuimba habari za matone hachezeshi mtu, na kama anataka kuendelea asimame na aimbe nyimbo atakazopewa. Alikataa. Alirudi kwenye shuka zake na hakuona kama amepoteza jambo kubwa. Miaka minne baadaye aliolewa. Mumewe alijua kwamba mkewe aliwahi kuimba, kama vile mtu ajuavyo kwamba mkewe aliwahi kukimbia mbio za shule. Ule wimbo hakumwimbia mtu. Ulikuwa wa mama.

Wifi alilia kidogo, akajifuta kwa pembe ya gauni moja la kijani, na Bi Pindo akamnyang'anya akisema hilo limeshasafishwa.

Jioni nyumbani alimkuta mumewe sebuleni, kiti amekipindua miguu juu, anakaza skrubu. Mumewe alikuwa msoma mita za maji aliyestaafu, mtu wa maneno machache, na ndani ya siku mbili zilizopita alikuwa amekwisha kaza viti vyote vinne vya mezani. Bi Pindo alimtazama, akamtazama tena, na ikamjia.

"Umesoma," alisema.

Mumewe alikiri. Rafiki yake wa zamani wa kazini alimtumia habari ile Jumapili, pamoja na kikatuni cha uso unaocheka. Alikuwa anatafuta namna ya kuuliza.

"Na hukuuliza. Siku mbili unakaza viti."

"Ningeuliza nini, mama watoto? Ni mambo ya kabla yangu. Sina haki."

"Una haki ya kuniuliza mimi kabla ya kuliamini gazeti. Gazeti hilo hilo limeandika nimekufa, na wewe umekula chakula changu jana na juzi."

Mzee aliweka bisibisi chini. Alisema pole, na alisema kwa dhati, lakini Bi Pindo alikuwa amekwisha ingia chumbani. Hasira yake sasa ilikuwa na matawi. Ilianza kwa Kidole, ikafika kwa mwandishi, ikafika kwa mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na sita, naye akaona aibu ya kitu ambacho hakikutokea. Alikaa ukingoni mwa kitanda na kuwaza kwamba mama yake, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi hata kuingia nyumba ya wageni, sasa amefanywa godoro la kukodi.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, ruhusa ya kwanza kwa miaka mitatu, akavaa gauni lake la kahawia la mikutano, akaenda gazetini. Wifi aliomba ruhusa pia, bila kualikwa.

Mlinzi wa pale chini alikuwa na daftari la wageni. Aliuliza wanataka kumwona nani, na aseme ni nani amekuja. Bi Pindo alikuwa anatafuta maneno, wifi akamtangulia.

"Mwambie mwandishi wa muziki marehemu wake amekuja. Wa namba tatu."

Mwandishi alishuka ngazi mwenyewe. Alikuwa dada wa miaka thelathini na kitu, miwani imepanda kichwani, vidole vina wino. Alimtazama Bi Pindo usoni, akamtazama kama mtu anayelinganisha picha, na rangi ikamtoka. Akawapandisha juu, kwenye chumba chenye meza ndefu iliyojaa magazeti ya zamani, akamwita mhariri wake.

Mhariri alikuwa mwanamume mpole, mwenye tai, aliyezoea kupokea watu wenye hasira. Aliwapa maji. Akasema gazeti linasikitika sana, na kwamba ukurasa wa ishirini na mbili, pale kwenye masahihisho, wataweka mistari mitatu kwamba mwimbaji yupo hai na anawasalimu mashabiki wake.

"Siwasalimu," alisema Bi Pindo. "Na mistari mitatu siitaki. Mlinizika kwa nusu ukurasa na picha. Nifufueni kwa nusu ukurasa na picha."

Mhariri alicheka kidogo, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Akaeleza, kwa upole ule ule, kwamba suala la uhai ni rahisi, kila mtu anaona. Suala la nani alitunga, na wimbo unahusu nini, hilo ni gumu. Kidole ametia sahihi kama mtunzi mwenza kwenye karatasi za wanaotoa albamu upya. Yeye ana karatasi gani? Bi Pindo hakuwa na karatasi. Zile za dawa zilioza zamani kwenye sanduku lililovuja mvua. Mhariri akafungua mikono, kama mtu anayesema basi sasa, tufanyeje.

Bi Pindo akamgeukia mwandishi. "Binti, wewe ndiye uliyeandika. Wimbo ule uliusikiliza mpaka mwisho?"

"Mara nyingi, mama. Nimeupenda kweli. Sikuandika uongo hapo."

"Basi niambie, ubeti wa tatu, dirishani kunaonekana nini?"

Mwandishi hakufikiri hata kidogo. Alisema maneno yale kwa sauti ya kawaida, bila kuyaimba:

*Nikuinue kwa mto, uone moshi usionuka moto;*
*shuka za jana zapanda mbinguni, za leo bado ziko mwilini.*

Ilikuwa miaka mingi Bi Pindo hajasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwa mtu mwingine. Aliuliza, mwandishi alidhani maana yake nini. Mwandishi akasema, akiinamisha uso, kwamba aliona ni taswira ya wapenzi, shuka na moshi na kadhalika, na kwamba hata aliandika hivyo, ila mhariri alipunguza kwa sababu ya nafasi.

"Kesho saa moja asubuhi njoo hospitali," Bi Pindo alimwambia. "Uje uione hiyo taswira."

Mwandishi alikuja saa moja kasoro. Bi Pindo alimpandisha ghorofa ya pili kwa ngazi za nyuma, zile za wafanyakazi, wakawapita wauguzi wa zamu wakikabidhiana mafaili. Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda kumi na viwili, sita kila upande. Kitanda cha tisa kilikuwa dirishani. Kilikuwa na mgonjwa, mama mmoja mnene mwenye mguu uliofungwa bandeji, ambaye aliwatazama kwa shaka na kuuliza kama wao ni wale wa kutoa damu.

Bi Pindo alimwamkia, akamwomba radhi, akamweleza kwamba huyu binti anataka kutazama nje tu.

"Atazame," alisema mgonjwa. "Lakini kwa kusimama haoni kitu. Ukuta tu. Ainame hapa usawa wa mto wangu."

Mwandishi akainama. Kutoka usawa wa mto, katikati ya ukuta wa maabara na tangi la maji, palionekana ncha ya bomba refu la kile chumba cha kufulia, na mbingu juu yake. Dakika ile bomba lilikuwa halitoi kitu. Kisha mvuke ukaanza, mweupe, mzito, ukapanda moja kwa moja kwa sababu hapakuwa na upepo. Haukuwa na harufu yoyote. Ulikuwa mvuke wa shuka za jana zikichemshwa.

"Kila siku saa moja asubuhi," mgonjwa alieleza. "Mimi hapa saa yangu ni hiyo. Ukitoka huo najua uji unakuja."

Mwandishi aliendelea kuinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliponyooka miwani ilikuwa na ukungu. Aliuliza kama yale matone ya ubeti wa kwanza, aliyoandika kuwa ni mvua juu ya bati, ndiyo haya, akanyoosha kidole kwenye chupa iliyoning'inia. Bi Pindo alisema ndiyo. Mwandishi akaomba msamaha. Bi Pindo alimwambia msamaha wa mdomoni ameusikia, sasa anausubiri wa kwenye karatasi, na kabla ya hapo kuna mtu wa kwenda kumwona.

Kidole alikuwa anafundisha gitaa juu ya duka la rangi. Walikwenda mchana huo huo, na mwandishi alimpigia simu akamwambia kwamba ana maswali machache ya nyongeza. Hakumwambia anakuja na nani. Chumba kilikuwa kidogo, kinanuka rangi iliyopenya kutoka chini, ukutani pamejaa picha za Kidole akiwa na watu wenye majina. Yeye mwenyewe alikuwa amekonda. Nywele alikuwa amezitia rangi nyeusi sana, nyeusi kuliko zilivyokuwa ujanani.

Alipomwona Bi Pindo mlangoni hakuruka wala hakukana. Alisimama tu, mkono umeshika shingo ya gitaa.

"Dada," alisema. "Umezeeka vizuri."

"Kwa maiti, ndiyo. Kaa chini."

Alikaa. Mwandishi aliweka kinasa sauti mezani, akasema wazi kwamba kinarekodi. Kidole alikitazama, akaanza kueleza bila kuulizwa, kama mtu aliyekuwa anaisubiri siku hii na alitumaini haitafika. Vijana wanaotoa kanda za zamani walimtafuta. Walimwuliza msichana yuko wapi, akasema hajui, na kweli hakujua. Mmoja akasema, basi atakuwa alishafariki. Yeye akanyamaza. Alinyamaza tu, alisisitiza. Neno la kifo halikutoka kwake. Kisha wakauliza kitanda namba tisa ni kitanda gani. Alitaka kuwaambia. Lakini akaona nyuso zao, vijana wadogo, na akajua kwamba mama mgonjwa hatawafanya wafungue macho.

"Nikawapa kitu cha kuwafungua macho," alisema. "Na wewe ukapendwa. Umesikia wanavyokupenda? Ungekuwa hai, fundi wa kushona shuka, nani angeandika?"

Bi Pindo alimsikiliza mpaka mwisho. Alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ya chini, ile ile anayoitumia anapofumua kazi ya mtu.

"Ulikuja wodini mara tatu. Mara ya pili ulileta machungwa, ukakosa pa kukaa, mama akavuta miguu, ukakaa kwenye kile kitanda. Ulimmenyea. Alikuwa hali kitu wiki nzima, akala vipande viwili kwa sababu ni wewe, akakuita mwanangu. Niambie kama naongopa."

Kidole alitazama sakafu. "Huongopi."

"Basi ulijua. Mwandishi huyu hakujua, wale vijana hawakujua. Wewe uliyekalia kitanda ulijua, ukakitoa wodini ukakipeleka nyumba ya wageni, na mama yangu ukamwacha nje mlangoni."

Kidole alijaribu kusema juu ya gitaa. Alisema zile nota nane za mwanzo, ambazo kila mtu akisikia anaujua wimbo, alizitafuta yeye. Bi Pindo alikubali mara moja. Alisema ni kweli, nota nane ni zake na ni nzuri, na siku zote angemtaja kama angeulizwa. Lakini maneno yote na sauti yote ni vyake yeye Bi Pindo. Alimtaka aseme hivyo hivyo, kwa kinywa chake, mbele ya kile kidude.

Ilichukua muda. Kidole aligeuka kuwa mtu wa kuomba. Alisema miaka thelathini amepiga nyimbo za wengine kwenye kumbi za mikutano na harusi, watu wanakula hawamtazami, na hii ndiyo mara ya kwanza mtu amempigia simu kumwuliza kuhusu kitu alichokifanya. Huruma ilimjia Bi Pindo, akaisukuma kando kama mtu anavyosukuma paka kutoka mezani. Alingoja. Na hatimaye Kidole alisema: maneno ni ya dada, sauti ni ya dada, kitanda ni cha hospitali. Alisema haraka haraka kama anayetapika, kisha akauliza kama wanaweza kwenda, maana ana mwanafunzi saa tisa.

Kwenye ngazi mwandishi aliuliza kama amesamehe. Bi Pindo alisema hajui, na kwamba si la gazeti.

Wiki hiyo mhariri alisikiliza kinasa sauti mara mbili, akaacha kuzungumzia ukurasa wa ishirini na mbili. Wale vijana wa kutoa albamu upya walishtuka kuliko wote. Walikuja chumba cha kushonea watatu, wamevaa viatu vyeupe, wakajibanza kati ya marundo ya shuka na kuomba radhi kwa pamoja kama wanafunzi waliochelewa. Jalada likabadilishwa: mtunzi mmoja, jina moja, na chini kwa herufi ndogo, gitaa la utangulizi la Kidole. Kidole naye akapiga simu redioni na kusema kwamba "alichanganya kumbukumbu". Neno hilo lilimrudisha Bi Pindo kwenye hasira yote upya, akakata kitambaa cha foronya kumi vibaya, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Machungwa yale, alimwambia wifi, Kidole aliyakumbuka vizuri sana bila kuchanganya na maembe.

Na wapo waliosikitika. Chini ya habari hiyo ya redio, mtandaoni, msomaji mmoja aliandika kwamba ile hadithi ya kwanza ilikuwa tamu zaidi, na sasa akiusikia wimbo anawaza dawa. Wifi alitaka kumjibu kwa niaba ya ukoo mzima. Bi Pindo alimzuia, kisha akakaa, kisha akamwambia sawa, mjibu, lakini tahajia nionyeshe kwanza.

Ukurasa ulitoka Jumamosi ya wiki iliyofuata, asubuhi. Mumewe aliamka mapema akaenda kununua nakala mwenyewe, akaiweka mezani, na hakuisoma kabla yake. Akauliza badala yake kama anaweza kuusikia wimbo. Bi Pindo hakuwa na kanda wala chombo cha kuipigia, kwa hiyo wifi, aliyekuwa amekuja na chai, alifungua simu. Zile nota nane zikaingia, kisha sauti ya msichana wa miaka ishirini na minne. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Ulipokwisha hakusema ni mzuri. Aliuliza mama mkwe wake, ambaye hakuwahi kumwona, alikuwa mtu wa namna gani. Alipenda nini, alichekea nini. Bi Pindo alianza kumweleza, na akajikuta anaeleza mambo aliyodhani ameyasahau: jinsi mama alivyokuwa akiongea na mihogo wakati wa kuimenya, jinsi alivyokataa kabisa kuvaa viatu vyenye kamba. Chai ilipoa. Viti havikulia hata kimoja.

Kisha akavuta gazeti akasoma. Picha ilikuwa kubwa, yeye mbele ya cherehani, hakutabasamu kwa sababu alikataa. Mwandishi alikuwa ameandika kwa jina lake mwenyewe kwamba alikosea, na alieleza alivyokosea, kuanzia simu ambayo hakuipiga mpaka mvua ambayo haikunyesha. Wodi ilikuwepo. Bomba lilikuwepo. Mama alikuwepo, kwa jina lake kamili. *Uzi Mweupe* ilibaki namba tatu. Bi Pindo alisoma polepole, kidole kikifuata mistari, na mumewe na wifi walimtazama uso ukilegea, ukilegea, mpaka karibu na mwisho, ambapo ulikaza ghafla.

Akaomba simu. Mwandishi aliitikia haraka, sauti yake ina wasiwasi, akauliza kama mama ameuona ukurasa.

"Nimeuona. Umefanya vizuri, binti, nakushukuru. Sasa, safu ya nne, mstari wa pili kutoka chini. Umeandika mimi ni mwanamke mnyenyekevu."

"Ndiyo, mama."

"Nani amekuambia mimi mnyenyekevu?"

Upande wa pili ilisikika karatasi ikifunuliwa. Kisha mwandishi akasema anaweza kulisahihisha wiki ijayo, ukurasa wa ishirini na mbili, kama mama hatajali mistari mitatu.

Bi Pindo alifikiri. Alisema kwa hilo mmoja tu unatosha.